Nilimbebea Mama Asumini

Asumini hainukii mchana. Mchana ni ua dogo jeupe tu, limejikunja kwenye tumba lake kama kidole cha mtoto mchanga aliyelala, na ukipita karibu yake na ndoo ya maji kichwani huwezi hata kujua kama lipo. Linaanza kusema jua linapolegea. Nyumba yetu ya mtaa wa Rahaleo, huku kusini, ilikuwa na mwasumini mmoja, umejitwika juu ya ua wa makuti uliozunguka bafu, na kwa hiyo utoto wangu wote kuoga jioni na kunukia vilikuwa kitu kimoja. Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi kidogo. Nilijimwagia kwa kata huku nikiangalia juu, na maua yaliyokwisha kukomaa yakadondoka, mengine yakatua begani na kunata kwenye ngozi iliyolowa. Harufu yake haikuwa ya vurugu. Haludi, marashi makali ya wanaume wa Ijumaa, ilikuwa inawatangulia barazani kabla wao hawajafika, lakini asumini ilikuja taratibu, ikarudi nyuma, ikaja tena, mpaka mabega yakashuka yenyewe na ukasahau ulikuwa unalilia nini.

Nayaandika haya nikiwa nimekaa eda. Mlango umerudishwa, nguo niliyovaa ni nyeupe isiyo na ua hata moja, mafuta mazuri sipaki, wanja sipaki, na kioo cha chumbani kimegeuziwa ukutani kana kwamba ndicho kilichomuua mume wangu. Sheria ya dini siigombi. Mungu akiniambia nikae, nakaa. Ninaogombana nao ni watu, ambao Mungu akisema neno moja wao huongeza matatu. Jana wifi yangu alikuja hapa Shangani, akakaa barazani na kusema jambo lililonifanya nisukume kando bakuli la uji, na tangu hapo naisikia asumini ya Rahaleo puani kama vile mtu amefungua chupa humu ndani. Basi acha niieleze. Karatasi ninazo, muda ninao, na hasira ninayo ya kutosha.

Mama hakuwa mtu wa marashi ya dukani. Baba aliwahi kumletea chupa moja, akaishukuru, akaiweka juu ya kabati, ikakaa huko mpaka ikabadilika rangi. Yeye alijitengenezea mwenyewe. Siku ya kutengeneza mafuta nyumba nzima ilijua. Alikuna nazi asubuhi, akakamua tui, akalibandika kwenye moto wa vifuu na kulikoroga bila haraka mpaka maji yakaisha, mafuta yakajitenga, na chini ya sufuria ukabaki ukoko mtamu wa kahawia ambao ulikuwa haki yangu bila ubishi. Mafuta yalipobaki vuguvugu ndipo alipotia matumba ya asumini, yaliyochumwa yangali yamefumba. Yakifunguka nje, alisema, yamekwisha kutoa yalichonacho. Unataka yafungukie ndani ya mafuta. Alfajiri aliyachuja, jioni akatia mengine, hivyo hivyo jioni baada ya jioni, mpaka mafuta yenyewe yakasahau kwamba yaliwahi kuwa nazi. Halafu aliyamimina kwenye chupa ya kijani na kuifunga kwa kipande cha kitambaa.

Alipaka kidogo sana. Nyuma ya masikio, kwenye vishimo vya shingo, na tone moja utosini kabla ya kusuka nywele. Mimi nilikuwa na umri wa kwenda chuoni kusoma juzuu lakini bado nililala na Mama kila Baba alipokuwa safarini, na nililala kwa namna moja tu: pua yangu nimeiingiza pale shingo inapokutana na bega. Nje watu wazima walikuwa na mazungumzo yao barazani. Miaka ile mazungumzo yalikuwa habari za vita ng'ambo ya Ruvuma, za watu wanaovuka mto na watoto mgongoni, za nani amepokea wageni kutoka huko na nani hana tena chakula cha kuwapa. Maneno hayo yalinifikia yamepita kwanza kwenye asumini, kwa hiyo yalifika yamelainika, kama hadithi ya watu waliokuwa wanatembea usingizini kuelekea mahali pazuri. Sasa najua hayakuwa hivyo. Lakini mtoto anayelala salama hana namna ya kujua, na sioni kwa nini ajue.

Baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, akipakia chumvi na vitambaa kwenda Newala na kurudi na chochote kilichopatikana huko. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia watu wa mbali. Kabla ya kila safari alipitia bafuni kuchuma maua machache na kuyapanga mbele ya usukani, chini ya kioo. Utingo wake alimcheka.

"Dereva, kwani lori hili linaolewa leo?"

"Linaolewa kila siku," Baba akamjibu. "Ndiyo maana halinisumbui."

Lilimsumbua. Lilipinduka kwenye mteremko wa kutoka Newala, mwanzoni mwa kipupwe, asubuhi yenye ukungu. Waliomleta nyumbani walituambia kwamba maua yalikuwa bado yamekwama kwenye kioo. Sijui kwa nini walituambia hilo. Watu wakifiwa huambiwa mambo mengi ambayo hawakuyauliza.

Baada ya mazishi Mama aliingia chumbani kukaa eda, na nyumba ikawa na wenyewe wapya. Upande mmoja alikuwepo Bibi, mama yake Mama, aliyekuja kutoka Mikindani na kikapu cha dagaa na mkeka wake mwenyewe kwa sababu hakuamini mikeka ya watu. Bibi alikuwa mfupi, Mmakua, na Kiswahili chake kilikuwa na kona zake. Alisema mambo moja kwa moja kisha akakutazama kuona kama umeanguka. Upande wa pili alikuwepo Shangazi, dada mkubwa wa Baba, aliyefunga nyumba yake ya Mpapura na kuja kusimamia eda ya mke wa mdogo wake. Hakuna aliyemwita. Lakini hakuna aliyeweza kumwambia asije, maana ndiye aliyemlea Baba mgongoni mwake tangu mama yao alipofariki. Shangazi ndiye aliyegeuza kioo. Ndiye aliyekusanya hina, wanja, udi na chetezo, akavifunga kwenye kanga kuukuu. Chupa ya kijani hakuiona, kwa sababu Bibi alikuwa ameikalia.

Mimi sikuelewa kifo. Wakubwa walidhani nimeelewa kwa kuwa nilinyamaza. Nilichokielewa ni hiki: usiku ule nilipoweka pua yangu mahali pake, shingoni mwa Mama, sikukuta kitu. Palikuwa na ngozi tu. Ngozi yenye joto, yenye chumvi ya machozi, ngozi ya mtu yeyote. Nikarudi nyuma nikamtazama.

"Wewe si Mama," nikamwambia.

Mama, aliyekuwa amelia kwa adabu mbele za watu tangu msiba ulipoingia, akalia usiku ule bila adabu hata kidogo. Sikulala. Na usiku uliofuata sikulala, na mchana nilikuwa nasinzia chuoni mpaka mwalimu akaniambia nirudi nyumbani nikanawe uso. Nilikonda. Mama naye alikonda. Tulikuwa chumba kimoja, kitanda kimoja, kila mmoja anamtafuta mwenzake na hampati.

Bibi aliona. Jioni moja nilipotoka bafuni aliniita nyuma ya nyumba, akaniketisha katikati ya magoti yake, akafungua chupa ya kijani. Nilishtuka, kwa sababu Shangazi alikuwa ameshaniambia kwamba kunukia ndani ya nyumba ile ni dhambi.

"Aliyekatazwa kunukia ni mama yako," Bibi akasema huku akinipaka nyuma ya masikio. "Kwani wewe una mume?"

"Sina."

"Alikufa?"

"Sina mume, Bibi."

"Basi eda gani unayoikaa? Inua shingo." Akanipaka kwenye vishimo, akanipaka utosini, akachomeka maua mawili kwenye nywele zangu. "Haya. Umbebee mama yako. Nenda taratibu, usimwage."

Nilikwenda taratibu. Mpaka leo nikifumba macho nauona ukumbi ule, sakafu ya udongo iliyosiribwa vizuri, kibatari kwenye shubaka, nami napita katikati nikiwa nimenyoosha shingo kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa hadi ukingoni, nikiamini kwa moyo wote kwamba nikikimbia harufu itamwagika njiani na Mama atapata nusu. Niliingia. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Nilikwenda nikaweka shingo yangu puani mwake, yaani nilimfanyia kile alichokuwa ananifanyia. Kisha nikamsikia akivuta pumzi, ndefu, ikashuka na kushuka, kama ndoo inayoteremshwa kisimani mpaka unasikia imegusa maji. Tukalala. Nadhani ulikuwa usingizi mzuri kuliko wote niliowahi kulala, maana ulikuwa na kazi ndani yake. Kulala kwangu kulikuwa kunamsaidia mtu.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Kila jioni kuoga, kila jioni chupa ya kijani, kila jioni kupita ukumbini na mzigo wangu usioonekana. Nikajiona mtu mkubwa. Watoto wa jirani walipotaka kucheza nami jua likizama, niliwaambia nina kazi. Nilitembea siku zile ndani ya harufu ile kama mtu anayetembea ndani ya chandarua: dunia nilikuwa naiona, lakini mbu wake hawakunifikia. Majirani walilia, mashangilio ya sikukuu ya chama yalipita barabarani na ngoma zake, watu waligombania mabati ya nani na shamba la nani, na mimi nikanukia tu.

Tatizo ni kwamba chumba hakikuwa na dirisha kubwa. Wanawake wa mtaani walikuwa wakija alasiri kumliwaza Mama, na siku moja mmoja wao, mwenye mdomo usio na mlango, akavuta pua mara mbili.

"Jamani, mbona humu mna harusi? Nani anamnukia nani?"

Wengine wakacheka, wakajikohoza, wakaangalia chini. Lilikuwa ni neno la utani, lakini neno kama hilo likitamkwa kwenye chumba cha mwenye eda halibaki chumbani. Kabla ya Isha lilikuwa limezunguka Rahaleo yote na kurudi na vazi jingine: kwamba mjane wa dereva anajipaka, na mwanamke hajipaki bure.

Shangazi aliingia kesho yake asubuhi, akasimama mlangoni na kushika kiuno.

"Chumba hiki kinanuka," akasema.

"Kinanukia," Bibi akamsahihisha kutoka kwenye mkeka wake. "Samaki ndiye anayenuka. Ungekuwa mtu wa bara ningekusamehe, lakini wewe umezaliwa Kiswahili unakisikia."

"Mama, sitaki mchezo. Ndugu yangu yuko udongoni."

"Na mwanangu yuko ukutani. Hajapaka hata tone. Njoo umnuse, pua unayo."

Shangazi hakumnusa Mama. Alininusa mimi. Aliinama, akanishika mabega kwa mikono yake mikavu, akaleta uso wake karibu na shingo yangu, na nilimwona akifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kugundua kitu. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umegeuka.

"Ni huyu," akasema, sauti imeshuka. "Huyu ndiye atakayemtia mama yake midomoni mwa watu. Huyu haruhusiwi kulala humu."

"Mwenye eda asinukie, sawa," Bibi akasema. "Lakini nani alisema anuke? Nani alisema asinuse? Nionyeshe palipoandikwa kwamba pua nayo inakaa eda."

Mabishano yale Bibi aliyashinda, na kushinda kwake hakukusaidia kitu, kwa sababu Shangazi alisubiri. Alisubiri mpaka Bibi alipolazimika kurudi Mikindani kuangalia nyumba yake, na asubuhi hiyo hiyo akanifungia nguo zangu kwenye kanga akasema tunakwenda Mpapura, na kwamba nitarudi eda ikiisha.

Mama alikuwa chumbani. Kulikuwa na wanaume uani, waliokuja kupakia magunia kwenye lori tulilokuwa tunapanda, na mwenye eda hatoki mbele ya wanaume. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo ninapoandika. Mwanamke anasikia mtoto wake anachukuliwa, mlango uko hatua chache, haukufungwa kwa kufuli wala komeo, na hawezi kuupita. Sikusikia kelele. Nilisikia kiganja chake kikipapasa mbao za mlango kwa ndani, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayetafuta kitasa gizani.

"Wifi," akasema Mama kupitia mlangoni. "Wifi, nakuomba. Sitamnusa. Mwache alale ukumbini."

"Ni kwa heshima yako," Shangazi akamjibu. Nami naamini aliamini alichokisema. Hilo halimpunguzii kitu.

Mpapura ilikuwa msimu wa mabibo. Yalikuwa yameiva mekundu na manjano, yamedondoka chini ya mikorosho na kuanza kuchacha, na shamba zima la Shangazi lilikuwa na harufu kali tamu ya kulevya iliyokuganda kooni. Mchana walichoma korosho kwenye debe lililotobolewa, na moshi wa maganda ukauma macho na kuacha vidole vyeusi. Sisemi ilikuwa harufu mbaya. Watoto wa pale waliipenda kama mimi nilivyoipenda yangu. Lakini ilikuwa inapiga kelele. Nilitafuta asumini kwenye viganja vyangu, kwenye kwapa, kwenye ncha za nywele. Kila siku ilikuwa imesogea mbali kidogo. Nakumbuka nikikaa kizingitini jioni na kanga niliyofungiwa nguo, nimeibana puani, navuta polepole ili nisiimalize. Halafu siku moja nikavuta, nikakuta moshi wa korosho.

Shangazi hakunitesa. Alinilisha ugali wa mtama na mchicha wa nazi, aliniogesha, alinisuka kwa mikono yake inayoumiza. Tatizo ni kwamba alifua. Alifua kila kitu, kwa bidii ya mtu anayefukuza mwizi: kanga, shuka, magauni yangu yote. Ila moja. Gauni la buluu nililokuwa nimevaa siku ile aliponinusa alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, na likakaa pale. Nilidhani amelisahau.

"Shangazi, gauni langu lile ni chafu. Nilifue?"

"Liache," akasema. "Hilo halijachafuka."

Lilikuwa na doa la mchuzi kifuani. Nilimwonyesha. Akaniambia nitoke nje nikaokote korosho.

Eda ilipoisha tulirudi. Wanawake walimpeleka Mama kuoga baharini alfajiri, kama ilivyo kwetu, wakamrudisha amefunikwa, na nyumba ikajaa sahani, vigelegele vya chini chini, na watu waliokuwa wanamtazama kwa udadisi kama mgeni kutoka safari. Nami nilisimama mlangoni nikiona haya. Mama alikuwa amekuwa mwembamba na mweupe wa kukaa ndani. Alikaa katikati ya mkeka na kanga mpya, na Shangazi, kwa kuwa ndiye wifi mkubwa, akaleta mrashi wa marashi ya waridi amnyunyizie na kumtoa rasmi.

Mama akauzuia mkono wake kwa upole. Akamgeukia Bibi, aliyekuwa amerudi kwa siku hiyo, na kunyoosha kiganja, Bibi naye akatoa chupa ya kijani kutoka anakojua mwenyewe. Mama akamimina kidogo mkononi. Akaniita kwa kichwa tu, nikaenda, akanipaka: nyuma ya masikio, kwenye vishimo vya shingo, utosini. Alifanya pole pole, mbele ya wote, mbele ya yule mwenye mdomo usio na mlango. Kisha akanivuta na kuweka uso wake pale, shingo inapokutana na bega, na nikaisikia ile ndoo ikishuka kisimani, ikashuka, ikagusa maji.

"Jipake na wewe basi," Shangazi akasema. "Umesharuhusiwa."

"Nimeizoea ikiwa huku," Mama akajibu, bila kuinua uso.

Na ikawa hivyo. Mama yangu aliolewa tena baadaye na mtu mwema, alivaa, alipaka wanja, alitia hina, lakini mafuta ya asumini hakujipaka tena. Alinipaka mimi. Nilikwenda nayo shule ya msingi, nikaenda nayo sekondari, ambako bwenini waliniita Bibi Harusi, na siku niliyoolewa kweli aliniandalia chupa nzima. Nilipofungua kanga ya nguo zangu kutoka Mpapura siku ile ile ya kutoka eda, gauni la buluu halikuwemo. Nilimuuliza Shangazi. Akasema limeliwa na mchwa. Kanga haikuliwa, shuka haikuliwa, magauni mengine yote yalikuwa mazima, lakini mchwa wa Mpapura wana akili, wanachagua. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba ile haikuwa asumini ya Mama peke yake. Ilikuwa pia ya lori, ya kioo cha mbele, ya mdogo wake aliyembeba mgongoni. Namwelewa Shangazi. Kumsamehe bado. Kuelewa na kusamehe ni vyumba viwili, na kati yake kuna mlango ambao nimeuona ukipapaswa kwa ndani.

Sasa niseme alichokuja nacho wifi yangu jana. Binti yangu ana umri wa kukimbia na kuuliza maswali. Baba yake alikuwa akimbeba mabegani kila jioni hapa Shangani kutembea kando ya bahari, na tangu baba yake afariki amekuwa akiamka usiku na kunitazama kama mtu asiyemjua. Mama yangu, ambaye sasa ndiye bibi, alikuja na chupa. Si ile ya kijani, hiyo ilivunjika. Ni ya dawa ya kikohozi iliyooshwa. Siku hizi sabuni hakuna, sukari ni ya foleni, madukani rafu zimebaki na vumbi na chumvi, lakini nazi zipo na mwasumini haujui habari za foleni. Akamketisha mtoto katikati ya magoti. Nilimsikia ukumbini: "Kwani wewe una mume?" Na mtoto, kwa sauti ya kuudhika: "Sina!" Nikaangua kicheko ndani ya eda yangu, Mungu anisamehe, kicheko cha kwanza.

Basi wifi akaja, akanusa, akasema watu watasema. Akasema afadhali mtoto akakae kwake Mikindani mpaka nitoke. Alisema kwa upole, anajua kusema vizuri, ni mwalimu. Nikajiona nimesimama nyuma ya mlango wa mbao na kiganja changu kimeshainuka. Ila mimi si Mama. Mimi nimesoma, na nina mdomo. Nikamwambia kupitia mlangoni, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: mwanangu haendi kokote. Si Mikindani, si kwa wiki, si kwa heshima yangu. Anayetaka kusema aseme, na akichoka apumzike, aanze tena. Nilidhani wifi ameondoka. Nikasogea kwenye upenyo nikamwona bado yuko barazani, amekaa na mkoba wake mapajani, amevuta pumzi na kufumba macho. Kaka yake alikuwa mmoja tu.

Jioni ya leo amekuja tena. Amekaa pale pale. Mwanangu ametoka kuoga, amepakwa, anakuja ukumbini kwa mwendo ule ninaoujua, shingo imenyooka, hatua moja moja, asimwage. Amefika mlangoni kwangu. Nimemwinamia, nimevuta pumzi yangu, ndefu, mpaka chini. Halafu nimemgeuza kwa mabega.

"Nenda barazani," nimemwambia, "kakae kwenye mapaja ya shangazi yako. Kidogo tu. Kisha urudi huku."